Amri ya Kutozima Mashine

Jumanne nilikuwa ofisini kwa mwenyekiti wa mtaa, Nalufenya, nikisubiri barua yangu igongwe muhuri. Mbele yangu alisimama Hajati mwenye nyumba na mpangaji wake, kijana Mkenya anayechimba sarafu za kidijitali kwa mashine za kompyuta.

"Mwenyekiti, nataka ahame leo," Hajati alisema. "Mashine zake zinanguruma mchana na usiku. Nikiswali naona kama niko kiwandani. Na ukuta unawaka moto!"

"Umeme nalipia mwenyewe, mama," kijana alijitetea, kofia mkononi. "Nikihama, kazi yangu imekufa."

Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu, ndipo jirani yao, mama anayefuga kuku, akanyanyua mkono.

"Bwana mwenyekiti, ahame, lakini si leo. Chumba changu kimepakana na chake. Vifaranga wangu nimewaweka kando ya huo ukuta wa moto, na wiki ya pili hii sijanunua mkaa wa kuwapasha joto."

Hajati aligeuka polepole. "Kumbe ndiyo maana umenyamaza!"

"Ningesema nini, Hajati? Hajafa hata mmoja."

Mwenyekiti aliandika kwamba mpangaji abaki mpaka vifaranga waote manyoya, na haruhusiwi kuzima mashine.

"Na bei ya sarafu ikianguka, niwashe kwa hasara?" kijana aliuliza.

"Kijana, kuku hawajui bei," mwenyekiti akamjibu, akagonga muhuri.

Wajuzi hubishana kila siku sarafu hizi zinamfaidi nani. Mimi najua wanaofaidika wanapoishi, na bado hawajaota manyoya.