Ubongo wa Engracia

Engracia alikuwa amewazika mama yake na dada zake wawili kwa ugonjwa uleule: miguu hugoma, mikono hutetemeka, kisha akili huaga. Pale kijijini kwao Umatac uliitwa bodig, na wapo ambao hawakuona haya kusema ni laana ya ukoo. Ulipomfikia yeye, alikataa katakata kiti cha magurudumu. Kila Jumapili alikwenda kanisani kwa miguu, njia ya dakika tano akijikokota nusu saa, na ole wake aliyemshika mkono.

Kaka yake Gonzalo aliyavumilia hayo. Kilichomshinda ni ile siku Daktari Perla, mtafiti wa ubongo, mzaliwa wa kijiji jirani, alipokuja na karatasi. Aliinama akaunusa mkono wa Engracia, kama desturi yao inavyompasa mdogo kwa mkubwa, kisha akaomba apewe ubongo wake siku atakapofariki.

Gonzalo alifoka kwamba dada yake hatazikwa nusu. Wageni waliuchukua ubongo wa mama, wakaenda zao, na hadi leo hawajaleta hata salamu.

"Ndiyo maana naweka sharti," alisema Engracia. "Perla, utauchukua. Ila siku ya rozari yangu ya kutimiza mwaka tangu nife utakuja humu ndani, ukale wali wetu mwekundu, usimame uwaeleze hawa ulichokiona. Usipokuja, nitakufuata hukohuko maabara."

"Nitakuja, shangazi."

"Na wewe kaka, acha kununa. Ubongo huu umenitesa vya kutosha. Sasa na wenyewe ufanye kazi."

Akatia sahihi mwenyewe. Ilimchukua robo saa.

Alifariki mwezi wa Machi. Gonzalo alimzika akiwa na donge moyoni, na mwaka mzima aliomba Perla asitokee, ili yeye apate la kusema. Perla alifika wa kwanza. Baada ya rozari na chakula, alisimama mbele ya ukoo mzima. Alikiri kwamba chanzo bado hakijui. Lakini laana haionekani kwa hadubini, na uharibifu huu aliuona kwa macho yake: seli zinazoongoza mwendo zilikuwa zimekufa karibu zote.

Kisha akamgeukia Gonzalo.

"Mjomba, kwa nilichokiona, hakupaswa kupiga hata hatua moja. Sijui kanisani alikuwa anafikaje."

Gonzalo alifuta macho bila kujificha.

"Kwa ukaidi," alisema. "Liandike hilo kwenye ripoti yako."