Soya Iliyoanikwa Juani

Shamba la baba pale Goweko lilikuwa letu wawili, mimi na kaka yangu. Ilipokuja ruzuku ya soya, kaka aliwahi ofisi ya kijiji akaliandikisha lote kwa jina lake. Alinipa habari hiyo wakati wa kula, huku anatafuna: "Wewe huna mke, ruzuku utaipeleka wapi?" Nilimchukia tangu tonge lile, na sioni haya kusema hivyo.

Serikali ilibeba sehemu kubwa ya bei ya mbegu na mbolea, lakini kwa sharti. Bwana shamba angekuja kukagua soya ikianza kutoa maua, na shamba ambalo soya yake haikushika lingefutwa kwenye orodha. Kaka alikuwa ameacha tumbaku kabisa kwa ajili ya ruzuku hiyo. Akamwambia mkewe mbele yangu, "Tukifutwa kwa uzembe wako, unarudi kwenu Ziba." Walikuwa na miaka sita bila mtoto, na ndugu zetu walikuwa wanatafuta sababu tu.

Mafunzo nilikwenda mimi, siku mbili huko Kipalapala, kwa kuwa kaka hapendi kukaa darasani. Tulifundishwa kwamba mbegu za soya hupakwa chanjo kabla ya kupandwa. Ni unga mweusi kama masizi, na ndani yake mna vijidudu hai ambavyo huishi kwenye vinundu vya mizizi na kuulisha mmea. Mbegu zikishapakwa lazima zikae kivulini, maana jua huviua.

Asubuhi ya kupanda, shemeji alichanganya mbegu na ule unga kwenye beseni, kwa maji ya sukari kama nilivyomwelekeza. Akauliza, "Shemeji, nizimwage wapi zikauke?"

Nikamwonyesha turubai katikati ya uwanja.

"Hapo kwenye jua?"

"Hapo hapo. Zikipandwa mbichi zitaoza."

Alinishukuru. Zilikaa pale mpaka saa sita, naye akizigeuza kwa viganja vyake ili zipate jua kila upande. Mimi nilikaa barazani nikinoa jembe. Nilikuwa na furaha, sitajisafisha.

Soya iliota, na kaka akazunguka kwa majirani akijisifu. Kisha ikaanza kuwa njano. Bwana shamba alipokuja aling'oa mche mmoja, wa pili, wa tano, akatuonyesha mizizi mitupu, haina kinundu hata kimoja.

"Chanjo ilipigwa jua," akasema. "Nani aliandaa mbegu?"

Kaka akamtazama mkewe. Mkewe akanitazama mimi.

"Shemeji ndiye aliyeniambia nizianike," alisema kwa sauti ya chini, yenye adabu.

"Kweli?" kaka akaniuliza.

Nilikuwa nimepanga aumie kaka tu. Ningesema ndiyo, tungepigana, na pengine ningefukuzwa pale nyumbani. Nikafikiria chumba changu na sehemu yangu ya shamba.

"Nilimwambia kivulini," nikasema. "Huyu hasikii."

Kaka alimpiga kofi pale pale kwenye matuta, na bwana shamba akajifanya yuko bize kuandika. Kesho yake shemeji aliondoka na begi moja. Nilimbebea mpaka kwenye bodaboda, kwa sababu watu wangenisema nisipombebea. Nilitegemea atanitukana. Alilipokea begi, akaniuliza, "Wewe ulifundishwa, shemeji. Nilikukosea nini?" Nikamwambia dereva aondoke, asije akachelewa treni.

Mwaka uliofuata kaka aliomba upya, akakubaliwa, na safari hii aliandikisha majina yetu wote wawili. Mbegu niliziandaa mwenyewe, kivulini, kama tulivyofundishwa. Soya ilistawi mpaka watu wakawa wanakuja kuitazama. Baada ya mavuno kaka akaoa mke mwingine. Siku ya harusi alisimama akawaambia wageni kwamba yule mwanamke wa kwanza angetuua kwa njaa kama si elimu ya mdogo wake. Watu walinipigia makofi. Nilisimama, nikawapungia mkono.