Sukuma Nono ya Mtungi wa Pili

Wacha niwasimulie mwenyewe kabla Mama Nafula hajawafikia, kwa sababu yeye huongeza chumvi na aibu hii haihitaji chumvi: mimi, mtu mzima mwenye ndevu, niliinua mkono kama mtoto mbele ya darasa lililojaa wazazi kule Ruiru, nikaungama kosa la sukuma wiki.

Nafula ni binti yetu wa Gredi ya Nne. Mwisho wa mwaka shule yao huwaalika wazazi waje waone watoto wamejifunza nini, kuanzia hesabu hadi kilimo, na mnajua mambo ya siku hizi, mradi ni wa mtoto lakini anayehangaika na karatasi za manila na gundi ni mzazi. Muhula wa kwanza mimi ndiye niliyemtengenezea ngoma, na (nisijisifu sana) tulipata alama zote, yaani nilipata.

Asubuhi hiyo mama yake alikuwa zamu kazini, Nafula ameshaenda shule, nami nikaachiwa kazi moja tu: kupeleka mitungi miwili ya sukuma iliyokuwa nyuma ya nyumba. Ilikuwa mitungi ya mafuta ya kupikia iliyokatwa juu, mmoja umeandikwa A, mwingine B. Sukuma ya A ilikuwa sawa, lakini ile ya B, jamani, ilikuwa ya manjano, imejikunja, imebaki na majani matatu, nikawaza vile wazazi wa mtaa wa kitajiri wa Membley watashuka kwa magari yao na miradi inayong'aa, halafu mtoto wangu asimame na kitu kama hicho. (Nafula alikuwa amenieleza mradi wenyewe zaidi ya mara moja. Nilikuwa nikimjibu "mmh" macho yakiwa kwenye simu.)

Basi nikaing'oa ile ya B, nikaitupa, nikasimama kwa wauza miche wa kando ya barabara, nikawaeleza ni ya maonyesho ya shule.

"Chukua hii, baba," mama mmoja akaniambia. "Ukipeleka hii hakuna mzazi atakufikia."

Na kweli ilikuwa imenona, majani kama sinia. Nikaipanda mtungini hapo hapo, nikafunika mitungi yote miwili kwa leso ya kujifunga ya mama yake, upepo usivunje majani, nikaenda zangu nikipiga mluzi.

Zamu ya Nafula ilipofika nilivimba kichwa. Alikuwa amebandika ukutani grafu, michoro ya majani, na insha ya Kiswahili, vyote vimetokana na ile mitungi miwili, nami nikashangaa jinsi mtoto mdogo anavyoweza kutoa mwaka mzima wa masomo kwenye sukuma. Kisha akaanza kueleza.

"Mtungi A niliumwagilia maji safi. Mtungi B niliumwagilia maji ya kufulia, yenye sabuni, na kila Jumamosi nikapima kwa rula. Sasa mtaona vile sabuni iliharibu sukuma ya B."

Jasho lilinitoka kabla hajamaliza. Akavuta leso.

Ya B ilikuwa imenona kuliko ya A. Nyanya mmoja aliyekuja kumwona mjukuu wake akauliza, "Kairitu, msichana wangu, hiyo sabuni ni gani? Huko kwetu Gatuanyaga kumekauka sana, nipeleke shambani." Watu wakaangua kicheko.

Mwalimu hakucheka. Alifungua daftari la vipimo, akatazama sukuma, akatazama daftari tena. "Nafula, hizi namba ulipima kweli ama uliandika tu?"

"Nilipima, mwalimu." Akaonyesha kwa kidole mchoro wake ukutani. "Yangu ilikuwa na majani matatu. Hii si yangu."

Nitawaambia ukweli, nilifikiria kunyamaza. Mlango ulikuwa karibu. Lakini mtoto wangu alikuwa anaitwa mwongo, na mwongo alikuwa amekaa kiti cha nyuma, amevaa tai. Nikainua mkono.

"Mwalimu, ni mimi. Niliona ya B inakufa, nikanunua nyingine."

"Baba Nafula, kwani wewe uko gredi gani?" mtu akapaza sauti, na hapo wakacheka mpaka mwalimu mwenyewe akashika meza. Alipotulia akamwambia Nafula kazi yake ni nzuri, na kwamba anayechunguza jambo huandika kila kilichotokea, hata asichokitarajia. Nafula akapangusa macho, akachukua penseli, akaandika pole pole, kisha akasoma kwa sauti:

"Wiki ya nane. Sukuma ya B haipo. Baba aliitupa kwa sababu alifikiri nimeshindwa."

Hapo hakuna aliyecheka, na mimi ndiye niliyetafuta leso ya kujifuta macho.

Tukiwa njiani kurudi nikamwomba msamaha. Akasema, "Ni sawa, Dad. Lakini next time uniulize kwanza." Nami nimeapa: kazi ya mtoto wangu siigusi tena, hata ikauke, hata inuke, mpaka nimwulize, simu iwe mfukoni, nimsikilize hadi amalize.