Pumzi Mpya kwa Butembo

Ukitaka kukosana na Kavuo, mwambie nguo aliyoifua haijatakata. Mengine atakusamehe. Ni mama wa Musienene, alikolelewa kwenye mashamba ya maharagwe na viazi, akaja Butembo akiwa bibi arusi, na beseni moja la bati. Kwa beseni lile alifua nguo za wafanyabiashara, kisha za walimu, na mwishowe za parokia: kanzu za mapadri, vitambaa vya altare, magauni meupe ya watoto wa komunyo ya kwanza. Nguo nyeupe ndizo zilizompa jina mjini. Sista Julienne, mtunza sakristia, alizoea kusema kwamba Kavuo akifua, hata theluji ya Ruwenzori inaona haya.

Mume wake, Melchior, ni mwashi. Nyumba yao aliijenga mwenyewe kwenye mteremko, kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Butembo yote imejengwa hivyo. Huu ni mji ambao Leta haikuupa hata msumari, na Leta ndilo jina tunaloiitia serikali hapa. Bati lilikuja kwa jasho la wenyeji, barabara zilichimbwa na wenyeji, na watu wakajivuna, na walikuwa na haki ya kujivuna.

Kisha wakaja wawekezaji. Walitoka mbali, na lugha yao hakuna aliyeijua, wakaongea nasi kwa Kifaransa. Walinunua kiwanja kule bondeni, chini ya nyumba ya Melchior, wakasimamisha bomba refu, wakasema watachemsha matairi makuukuu hadi yatoe mafuta. Malori yakaanza kuyaleta kutoka Beni, Oicha, hadi Kasindi. Watu wakapaita mahali pale Usine, yaani kiwanda, basi. Siku ya ufunguzi kila chama cha akina mama kilipewa vikwembe vipya vya kujifunga kiunoni, vyeupe, vilivyochapwa picha ya Usine chini ya mbingu ya bluu, bomba lake halitoi hata uzi wa moshi. Kwenye pindo paliandikwa kwa Kifaransa, na chini yake kwa Kiswahili: Pumzi mpya kwa Butembo.

Kavuo alicheza siku ile mpaka kamba ya kandambili ikakatika. Waliimba mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mwenyeji hakupona. Mwenyeji alianza kukohoa. Moshi wa matairi ni mzito na mvivu, haupandi kwenda kwa Mungu. Unajilaza juu ya mabati, unaingia madirishani, unalala na watu. Melchior, aliyekuwa akibeba mfuko wa simenti begani huku akipiga mluzi, sasa alilala ameketi, mgongo ukutani, akivuta pumzi kama mtu anayevuta kamba ya kisima kirefu. Mwiko wake wa uashi ulipata kutu. Na zile nguo nyeupe, Kavuo akiziondoa kwenye kamba, zilikuwa na madoadoa meusi, laini, yanayopakaa ukiyagusa.

Alizifua tena, na tena zilichafuka. Akabeba shuka zenye madoa, akapanda kwa mtu wa Leta.

Mtu huyo aliitwa Xavier, afisa wa mazingira aliyetumwa kutoka upande wa Kinshasa, kijana nadhifu wa mashati meupe. Alikuwa na mashine ndogo ya kupimia hewa. Kosa lake, kama ni kosa na si biashara, ni kwamba kabla ya kwenda kupima aliwatangulizia wenye Usine habari. Siku akifika, moto umezimwa, bomba limenyamaza kama mtoto aliyeiba sukari. Wazee walisema pafukapo moshi hapakosi moto. Kwa bwana Xavier moshi ulifuka bila moto.

“Yoka, mama, sikia,” alimwambia Kavuo. “Mi nilipima. Hewa iko bien. Shida ni makala yenu, makaa ya kupikia. Banamama munapikia mu nyumba, munafunga madirisha, kisha munasingizia usine.”

“Makala nilianzaka kuipikia zamani, chef, mbele ya usine kufika. Juu ya nini Melchior anakohola sasa?”

“Donc ni makala ya miaka mingi. Inakusanyikaka mu kifua.”

Kavuo alirudi nyumbani kwa hasira. Yaani yeye, anayempakaza mumewe mafuta kifuani kila jioni, ndiye aliyemtia ugonjwa. Hajafika hata kutua shuka alizobeba, akamkuta Sista Julienne mlangoni na gauni la komunyo mkononi.

“Mama Kavuo, labda umechoka,” Sista alisema, kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi. “Bazazi ba batoto banairudisha, angalia hii madoa. Robe za komunyo za mwaka huu tutapeleka kwa mama Kanyere, ng’ambo ya muji.”

“Haya madoa ni ya usine, ma Sœur.”

“Mais Leta ilipima, mama. Ilisema hewa ni safi.”

Basi. Hewa ikiwa safi, kifua cha Melchior ni kosa la Kavuo na madoa ni kosa la Kavuo. Mnyonge hana haki, lakini huyu mnyonge alikuwa na beseni. Tangu siku ile alitaka kitu kimoja tu: mtu wa Leta aseme kwa kinywa chake, mbele za watu, kwamba moshi ule ni wa Usine.

Alikwenda kwenye sanduku, akatoa kile kikwembe cha ufunguzi. Alikifua kwa sabuni, akakisuuza hadi maji yakatoka maangavu, akakianika kwenye kamba ya uani. Hakukianua. Jirani wakamwuliza kama amekisahau, akasema hapana, kinakauka. Kilikaa pale mchana na usiku, hadi ilipotangazwa kwamba wawekezaji wamerudi, wanataka kuongeza bomba la pili, na akina mama wote waje kwenye ukumbi wa parokia wamevaa vikwembe vyao.

Ukumbi ulijaa weupe na bluu. Mbele palikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheupe cha parokia, na nyuma yake waliketi mkurugenzi wa Usine, mkalimani wake Jordy, na bwana Xavier na shati lake. Kavuo aliingia ngoma zikilia. Wa kwanza kumwona walicheka. Mbingu ya bluu kiunoni mwake ilikuwa rangi ya majivu, na lile bomba lililochorwa bila moshi, sasa lilikuwa na moshi.

“Rudia nyumbani, mama, unatupatisha haya,” Sista Julienne alimnong’oneza. Kavuo akapita.

Xavier alisimama, akaizunguka meza. “Mama, hii ni kikao ya heshima. Juu ya nini unakuja na kikwembe chafu?”

“Hapana chafu, chef. Niliifua, nikaianika, nikaiacha. Ulisema hewa iko bien. Basi hii njo hewa yako. Shika, uone.”

Akashika pindo na kumsogezea. Xavier aliruka nyuma, kiganja kifuani, akilinda shati.

“Hapana, weka mbali. Masizi ya usine hii haitokake mu nguo. Mi nilishatupa mashati kwa sababu yake.”

Ngoma zilikuwa zimekwisha kunyamaza. Kila mtu alisikia, na yeye mwenyewe alijisikia, lakini neno likishatoka halirudi.

“Umesema,” Kavuo alimwambia. “Si makala yangu, si mikono yangu. Shati yako, chef, lete, nitaifua. Kifua ya Melchior, nani ataifua?”

Mkurugenzi akamwinamia Jordy, akauliza mama anasema nini. Jordy ni mtoto wa mtaa uleule, mama yake naye anakohoa. Akajibu kwa Kifaransa, macho chini: “Anawashukuru kwa kikwembe.”

Kavuo alisoma kwa masista kule Musienene. Kifaransa cha merci hakimpiti.

“Hapana, Jordy. Umuambie ninairudisha.”

Chini yake alikuwa amejifunga kingine cha kila siku. Akakifungua kile cha Usine, akakitandaza juu ya meza, juu ya kitambaa cheupe, akakisindilia kwa viganja viwili, akatoka.

Sidanganyi: bomba la pili linajengwa. Lakini kesho yake asubuhi Sista Julienne alipanda mteremko mwenyewe, na furushi kichwani. Kutoka chumbani alimsikia Melchior akihangaikia pumzi, akatua furushi, akasema, “Unisamehe, mama.” Akafungua furushi: kanzu, magauni ya komunyo, na kitambaa cha meza, chenye doa kubwa jeusi katikati.

Kavuo alipokea vyote, kimoja kimoja. Angevifua hapo na kwenda kuvianika Musienene, kusiko na moshi, kwa mdogo wake. Alipofika kwenye kitambaa cha meza, alikikunja vizuri, akamrudishia.

“Hii hapana, ma Sœur. Muiweke hivi hivi. Siku bageni batarudia kufungua bomba ya pili, njo mutabatandikia hii mu meza.”