Siku Niliyoita Ngombe za Papa Riziki

Mulisikia kwamba ngombe zilifukuza juri yangu ya teatre. Ni kweli, na mucheke tu, miye mwenyewe ninachekaka, lakini nikifika mu kipande ya katikati ninaacha kucheka na haya inaniwaka ku uso (na ku mugongo baridi, vyote pamoja).

Tulikuwa mwaka ya mwisho ya masomo ya kuigiza kule Goma, na prof akatupatia mutihani: kila mutu aende kwao, achague mutu yenye anajua muzuri, amuigize mbele ya batu ya kwao, na juri, bale banatoa alama, itakuja kutazama. Miye nikachagua Papa Riziki, jirani yetu kule juu Masisi, muchungaji yenye alikufa wakati mvua ilikuwa inaanza. Nilikulia pembeni yake. Kutembea kwake, kukohoa kwake, namna alikuwa anaegemea fimbo, vyote nilikuwa navyo mu mwili. Nikaenda kuomba mujane wake, Mama Riziki, koti ya marehemu na bote, vile viatu vyake virefu vya matope, akanipatia bila maneno mingi, akaniomba kitu moja tu: nisiite ngombe. Sababu tangu bwana yake aende, ngombe zilikuwa zinamukatalia, anazifundisha polepole kusikia sauti yake yeye, na bashemeji yake balikuwa bamemwambia wazi kama Noeli inafika na ngombe hazijamusikia, batazichukua. Nikamwambia, mama, usiogope, nitaita mu koo tu, haitafika kule mulimani kwenye zinakula.

Siku yenyewe ukungu ikashuka mapema ku kiwanja ya shule. Batu ku mabenchi, juri mbele ku viti ya plastiki, bashemeji wamesimama kule nyuma na mikono kifuani. Nikaingia na ile koti. Mwanzoni balicheka, kisha kicheko ikakatika, bibi mumoja akafanya alama ya musalaba, na miye (mujinga) nikafikiri ni sifa. Nikaita kidogo, mu koo. Prof akaweka mukono ku sikio: hasikii. Jamani, ile mukono ya prof! Kiburi ikanishika, nikageukia mulima, nikaita na kifua yote, hooo-yee, kama marehemu mwenyewe.

Sauti ikapanda mulima. Kisha kule juu mu ukungu ngombe moja ikajibu, na tukaanza kusikia miguu, miguu mingi, inashuka.

Sasa hapa kwetu mutu akisikia miguu mingi mu ukungu hangojeke kuuliza ni ya ngombe ao ya batu ba bunduki. Mabenchi yakaanguka, mama mumoja akakimbia na mutoto ya mwenzake, na prof nilimuona kwa mara ya mwisho anaruka fensi ya shule na kiatu moja. Miye bote ilikuwa kubwa kuliko miguu yangu, nikabakia.

Zikatoka pembe kwanza, bila sauti, zikanizunguka. Gaju, ile mama ya zote, akaingiza pua mu koti, akanusa muda murefu, kisha akaanza kulamba mukono yangu. Alikuwa anatafuta chumvi, sababu Papa Riziki hakuwa anaziita bure hata siku moja, na mukono yangu haikuwa na kitu. Nikajaribu kurudi nyuma, bote ikaninasa.

Mama Riziki akafika, akaita na sauti yake. Hakuna hata moja iligeuka. Akaita tena. Shemeji mukubwa akasema kutoka nyuma ya ukuta ya darasa: "Umeona? Hazikujue." Nilitamani udongo inimeze.

Mama Riziki hakukasirika, na hiyo njo iliniogopesha zaidi. Akanikaribia.

"Hakuna mwenye aliziambia kwamba ameenda," akasema. "Zinamungojeaka kila magaribi. Umekuja na sauti yake, basi uziage."

Nikamwambia, mama, ni teatre tu.

"Ni teatre kwako," akanijibu.

Nikashika pembe ya Gaju vile marehemu alikuwa anaishika, nikafungua kinywa, na ile sauti yenye ilitoka sikuijua, sikuwa nimeifanyia mazoezi hata siku moja kule Goma. Nikaziambia kwamba nimeenda. Nikaziambia kwamba chumvi iko kwa Mama Riziki, zimusikie yeye. Gaju akanitazama, akalia, chini na murefu, na zingine zikamuitikia zote.

Mama Riziki akafungua fundo ya kitenge, akatoa chumvi, akaita mara moja, sauti inavunjika. Gaju akageuka. Zikamufuata zote mu ukungu, na bashemeji bakaziachia njia. Yeye alikuwa analia, na batu banasema hata ku kilio ya bwana yake hakulia.

Juri haikuona kitu, ilikuwa imeshafika ku barabara kubwa. Bakanitupa session ya pili, nirudie mutihani. Nikaigiza dereva wa moto, ile pikipiki, mutu yenye angali muzima, nilimuomba ruhusa, na alikaa mbele kabisa analalamika kwamba pua yake haiko vile. Sauti ya mutu yenye ameenda, nimeapa, siishike tena.

Lakini kila nikipanda kwetu, ngombe za Mama Riziki zinanipitaka tu, isipokuwa Gaju. Yeye anasimama, ananusa mukono yangu. Basi siku hizi ninabebaka chumvi kidogo mu mufuko. Simuitake. Ninafungua mukono tu.