Bandeji za Wageni

Utotoni Bi Hamdiya hakuwahi kula kwenye sahani za wageni. Mama yake alizifungia kabatini, akafariki zikiwa humo bado mpya. Kwa hiyo siku Noel, mkuu wa kituo chao cha afya karibu na Wambaa, alipozitia kufuli bandeji mpya, Bi Hamdiya, muuguzi wa hapo, aliujua ugonjwa ule papo hapo.

"Za kuwaonyesha wageni wanaokuja kukagua Jumatatu," alisema Noel.

Jumamosi akaletwa kijana mmoja, Fahd, kutoka kwenye mchezo wa ng'ombe, paja limetobolewa kwa pembe. Bi Hamdiya alikandamiza shashi, ikalowa. Akaongeza nyingine, nayo ikalowa. Gari la wagonjwa lilikuwa bado Mkoani.

"Nipe ufunguo."

"Bi Hamdiya, Jumatatu tutaonyesha nini?"

Alimwachia Noel paja alikandamize, akachukua jiwe la kuzuilia mlango, akavunja kufuli. Bandeji zile zilifumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko utando wa buibui, zilizotokana na maganda ya kaa, nazo hugandisha damu. Akaishindilia moja kidondani, akaegemea kwa uzito wake wote, akimweleza Fahd kuwa imetokana na kaa.

"Kaa?" Fahd alinong'ona. "Wamenibana vidole tangu utotoni, leo ndo wanitibu?"

"Nyamaza, mwanangu. Usitikisike."

Gari lilipofika, damu ilikuwa imekatika.

Jumatatu Bi Hamdiya aliwaonyesha wageni pakiti tupu, akawaeleza habari za paja. Walipoondoka, Noel alitoa kufuli jipya mfukoni. Bi Hamdiya alimpokonya.

"Hili litafaa chooni, si kwenye bandeji," alisema, akaenda kulifunga huko.