Bata Dume Aliyevua Rangi

Shangazi yangu ni fundi bomba, na hajawahi kuomba radhi kwa hilo wala kwa jambo lolote. Walipomwambia mabomba si kazi ya mwanamke, alitia pamba masikioni akaendelea kukaza nati. Alipotimiza miaka hamsini na mbili akaanza kufuga bata. Si wa kitoweo. Ni bata wa mapambo, aina adimu, ambao dume wao ana manyoya ya rangi ya machungwa yaliyosimama mgongoni na mstari mweupe juu ya jicho.

Uani alifukia hodhi kuukuu la kuogea alilong'oa kwa mteja, akaliunganishia koki ya kutolea maji machafu. Kando na juu akazungushia wavu kuzuia paka. Wanaotaka kuanza ufugaji huo humjia kuomba ushauri, naye huwajibu kwa ukali kana kwamba wamemkosea. Wajenge kwanza, wanunue baadaye. Wasinunue mmoja, wanunue jozi. Kifaranga asiye na mama asiachiwe maji mengi, kwa kuwa manyoya yake hayana mafuta bado; ataloa na kufa kwa baridi.

"Kama unataka kitu cha kutazama Jumapili tu," huwaambia, "kanunue picha."

Nusu yao hawarudi, na yeye hajali.

Asiyewavumilia hao bata ni baba, kaka yake mkubwa. Nyumba ni urithi wao wote wawili, na baba alitaka kujenga chumba pale uani. Kwake ndege asiyeliwa ni mgeni asiyeaga. Mwaka huu akapata sababu. Dume wa sasa, aliyekuja baada ya wa kwanza kufa, alianza kupukutika: manyoya ya machungwa yakadondoka yote, mstari ukafifia, akabaki wa kahawia kama jike, hata kuruka hawezi. Baba akasema ndege anaumwa na atatuambukiza. Akatoa amri: mwisho wa mwezi bata achinjwe, hodhi lifukiwe.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamalizia.

"Mkuu akijua anachosema, nitasikia," shangazi akamjibu.

Hakumpa yule dume dawa yoyote. Jirani alileta vidonge vya kuku, akarudishwa navyo kutoka mlangoni. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini shangazi alibadilisha maji, akachanganya dagaa waliosagwa kwenye chakula, akakataza mtu yeyote kumshika. Mimi niliogopa dume atakufa, nasema kweli. Shangazi hana mume wala mtoto. Akirudi mikono imechubuka, huketi juu ya ndoo iliyopinduliwa na kuwasimulia hao bata habari za siku nzima.

Mwezi ulipoisha baba alikuja na kisu, na nyuma yake mwashi mwenye sepetu. Shangazi alisimama mbele ya wavu na spana yake mkononi. Baba akasema kama ndege amepona, aonyeshwe rangi iko wapi. Dume alikuwa wa kahawia mtupu, isipokuwa ubavuni, unyoya mmoja wa machungwa, mfupi kama ukucha. Baba akacheka, akasema unyoya mmoja si ndege.

"Kaka, huyu haumwi. Kila mwaka wanavua, kisha wanavaa upya."

Baba akauliza nani kamwambia. Hapo nikamwona shangazi akitazama chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Wa kwanza alipopukutika, na mimi niliamini anaumwa. Nikamnywesha dawa asubuhi na jioni, siku tisa, nikimkaba hivi, mpaka akafia mikononi mwangu. Wakati wa kumzika nikafunua bawa. Manyoya mapya yalikuwa yameshaanza kuchomoza." Akainua kichwa. "Nilimuua ndege mzima kwa kutojua. Wa pili siui, hata ukiniamuru wewe."

Mwashi akauliza aanze kufukia upande gani. Baba akamwambia aende zake. Akakiviringisha kisu kwenye gazeti, akaivuta ile ndoo, akaketi, na kuuliza manyoya mengine yatatoka lini.

Shangazi akamjibu kwa ukali uleule wa siku zote: kwanza asogee nyuma, anamtisha ndege.